Serikali Ilipogeuka Msomaji: Sheria ya 1878 Dhidi ya Wasoshalisti wa Ujerumani

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi, suala la msomaji limejadiliwa kwa mapana na marefu. Msomaji hupewa uwezo wa kuijaza matini maana na hata wa kumpinga mwandishi. Aghalabu, hata hivyo, msomaji huyo huchukuliwa kuwa mtu mwema aliyeketi na kitabu chake. Makala haya yanamchunguza msomaji wa aina nyingine: afisa wa polisi aliyepewa na sheria mamlaka ya kusoma gazeti, kitabu au wimbo na kuamua kama utaruhusiwa kuishi. Kipindi kinachorejelewa ni miaka 12 ya historia ya Ujerumani, kuanzia Oktoba 1878 hadi Septemba 1890, ambapo sheria maalumu iliwapiga marufuku wasoshalisti wa nchi hiyo, vyama vyao, mikutano yao na maandishi yao.

Sheria hii imekwisha kuandikwa sana kwa jicho la siasa. Hapa inatazamwa kwa jicho la lugha, maadam kilichowindwa na serikali, ukichunguza kwa makini, kilikuwa neno: lililochapishwa, lililotamkwa jukwaani, hata lililoimbwa.

Kabla ya kuendelea, ipo haja ya kueleza istilahi moja. Katika Kiswahili, neno "ujamaa" limekwisha kufungamana na Azimio la Arusha la 1967 na falsafa ya Mwalimu Nyerere, ambaye aliukita ujamaa wake katika undugu wa jamaa pana na kuukataa mgongano wa matabaka kuwa msingi. Wafanyakazi wa Leipzig na Hamburg wa karne ya 19 walizungumza lugha ya matabaka. Kuwaita wajamaa kungemchanganya msomaji, hivyo neno "usoshalisti" ndilo linalotumika.

Risasi mbili na kura tatu

Dola ya Ujerumani ilitangazwa Januari 1871 katika kasri la Versailles, Wilhelm I wa Prussia akiwa Kaizari na Otto von Bismarck akiwa Kansela. Wasoshalisti walikuwa makundi mawili wakati huo. La kwanza lilianzishwa na Ferdinand Lassalle mwaka 1863. La pili liliundwa mjini Eisenach mwaka 1869 na August Bebel, fundi wa kukereza mbao, pamoja na Wilhelm Liebknecht, mwandishi wa magazeti. Bebel na Liebknecht walikataa kuunga mkono fedha za vita dhidi ya Ufaransa mwaka 1870, na mwaka 1872 mahakama ya Leipzig iliwahukumu kifungo cha miaka miwili kila mmoja kwa kosa la kuandaa uhaini. Mei 1875 makundi hayo yaliungana mjini Gotha. Katika uchaguzi wa 1877 chama hicho kipya kilipata kura zipatazo 493,000, yaani takriban asilimia 9, na viti 12 bungeni.

Tarehe 11 Mei 1878, fundi bati kijana aitwaye Max Hödel alimfyatulia Kaizari risasi katika barabara ya Unter den Linden, Berlin. Alimkosa. Hödel alikuwa amekwisha kufukuzwa chamani, ila Bismarck hakulijali hilo. Mswada wa kuwapiga marufuku wasoshalisti uliandaliwa kwa haraka na kupelekwa bungeni, ukakataliwa tarehe 24 Mei kwa kura 251 dhidi ya 57. Wabunge wa chama cha Waliberali wa Kitaifa, ambao ndio waliokuwa wengi, waliona kwamba ulikuwa mpana mno na kwamba ungeweza kumgeukia yeyote.

Siku tisa baadaye, tarehe 2 Juni, msomi mmoja kwa jina Karl Nobiling alimpiga Kaizari risasi na kumjeruhi vibaya. Haukupatikana ushahidi kwamba Nobiling alitumwa na chama hicho. Bismarck alilivunja Bunge, na wananchi wakapiga kura mwezi Julai wakiwa bado wametaharuki. Wasoshalisti walishuka hadi kura zipatazo 437,000 na viti tisa. Bunge lililofuata liliipitisha sheria tarehe 19 Oktoba kwa kura 221 dhidi ya 149, ikaanza kutumika siku chache baadaye. Waliberali wale wale waliokuwa wameuona mswada wa Mei kuwa hatari waliuunga mkono ule wa Oktoba. Kati ya Mei na Oktoba hakuna kilichobadilika katika programu ya wasoshalisti, vitabu vyao au hotuba zao. Kilichobadilika ni hofu ya wapigakura, na wabunge walioijua hofu hiyo.

Kitenzi kimoja cha sheria

Mwanafunzi wa lugha akikisoma kifungu cha kwanza cha sheria ile, atavutiwa na jinsi kilivyoundwa. Sehemu yake ya mwanzo inapiga marufuku vyama ambavyo, kwa juhudi za kisoshalisti au za kikomunisti, vinakusudia kuupindua mfumo uliopo wa dola au wa jamii. Hapo angalau kuna kusudi, na kusudi ni jambo linaloweza kudaiwa ushahidi. Sehemu inayofuata inakwenda mbali zaidi. Inatosha juhudi hizo "zijitokeze" kwa namna inayohatarisha amani ya umma, hususan maelewano baina ya matabaka ya wananchi. Kipimo hiki cha kujitokeza ndicho kilichotumiwa pia kwa maandishi.

Kujitokeza ni kitenzi cha uhakiki. Dhamira hujitokeza katika riwaya, na msimamo wa mtunzi hujitokeza katika shairi. Anayesema kwamba dhamira imejitokeza hulazimika kusoma, kufasiri na kutetea ufasiri wake. Sheria ilimpa kazi hiyo afisa wa polisi wa jimbo, tena bila ya kumlazimisha kwenda mahakamani kwanza. Aliyeathirika aliweza kukata rufaa kwa tume ya watu tisa: wanne kutoka Baraza la Majimbo na watano majaji. Ieleweke kwamba neno "maelewano" nalo halikufafanuliwa. Makala iliyoeleza kwa takwimu jinsi mishahara ya wafumaji ilivyokuwa midogo ingeweza kusomwa kuwa taarifa ya uchumi. Ingeweza pia kusomwa kuwa uchochezi wa tabaka moja dhidi ya jingine.

La ajabu zaidi lilihusu magazeti. Toleo moja likipigwa marufuku chini ya sheria hii, polisi waliruhusiwa kuyapiga marufuku matoleo yote ya baadaye. Kwa maneno mengine, sheria ilihukumu maandishi ambayo hayajaandikwa. Gazeti kuu la chama, Vorwärts la Leipzig, lilifungwa katika mwezi ule ule wa Oktoba 1878, na katika majuma machache karibu magazeti yote ya chama yalikuwa yamenyamazishwa. Kwa muda wote wa sheria, machapisho yapatayo 1,300 na vyama zaidi ya 300 vilipigwa marufuku. Watu wapatao 1,500 walifungwa.

Kulikuwa na adhabu nyingine ambayo haikuhitaji hata kosa. Serikali ilipotangaza hali ndogo ya hatari katika mji, polisi waliweza kumfukuza mkazi yeyote waliyemwona kuwa tishio. Berlin ilitangaziwa hali hiyo Novemba 1878, Hamburg na Altona mwaka 1880, Leipzig mwaka 1881. Takriban watu 900 walifukuzwa, wengi wao wakiwa na wake na watoto. Bebel na Liebknecht walitimuliwa Leipzig, wakaenda kuishi Borsdorf, kijiji kilicho jirani. Wengine walivuka bahari. Friedrich Wilhelm Fritzsche na Julius Vahlteich, viongozi wa tangu enzi za mwanzo, walihamia Marekani mwaka 1881.

Mbinu za waandishi na wasomaji

Kila mfumo wa udhibiti huzaa mtindo wake. Ukimpa polisi mamlaka ya kusoma, mwandishi naye hujifunza kumwandikia msomaji wawili kwa mpigo: yule anayemtaka na yule anayemchelea. Mfano mwafaka ni kitabu cha Bebel kuhusu mwanamke na usoshalisti, kilichotoka mwaka 1879 na kupigwa marufuku. Toleo la pili lilipotoka mwaka 1883, neno usoshalisti lilikuwa limetoweka katika anwani. Kilichosomeka jaladani ni mwanamke wa zamani, wa sasa na wa baadaye. Anwani hiyo ni tasfida iliyo wazi, na yamkini hakuna msomaji wa kawaida aliyedanganyika. Kitabu hicho kikaja kuwa mojawapo ya vilivyosomwa zaidi na wafanyakazi wa Ujerumani.

Mwaka huo huo wa 1883, Karl Kautsky alianzisha jarida la Die Neue Zeit mjini Stuttgart, lenye sura ya kitaaluma. Jarida la kejeli la Der wahre Jacob, lililoanza Hamburg mwaka 1879 na kukatizwa muda mfupi baadaye, lilifufuliwa Stuttgart mwaka 1884. Kwamba yote mawili yalipata pumzi katika mji huo si sadfa. Stuttgart ilikuwa mji mkuu wa ufalme wa Württemberg, ambako polisi hawakuwa wakali kama wenzao wa Prussia. Sheria ilikuwa moja kwa dola nzima, lakini wasomaji wake wenye bunduki walikuwa wengi na hawakusoma kwa namna moja.

Maandishi yasiyotaka kujificha yalitoka nje ya nchi. Tarehe 28 Septemba 1879 gazeti la Der Sozialdemokrat lilianza kuchapishwa Zürich, Uswisi. Mhariri wake wa kwanza alikuwa Georg von Vollmar, na kuanzia 1881 Eduard Bernstein. Kulichapisha lilikuwa jambo jepesi. Kulivusha mpakani ndiko kulikohitaji akili. Kazi hiyo ilisimamiwa na Julius Motteler, aliyepewa lakabu ya mkuu wa posta nyekundu. Vifurushi vilipita njia za magendo, nyingi zikizunguka Ziwa Konstanz, vikaingia nchini na kugawanywa mkono kwa mkono. Mmoja wa waliofanya kazi hiyo upande wa mpakani alikuwa fundi viatu Joseph Belli, ambaye baadaye aliandika kumbukumbu zake. Serikali ya Uswisi, kwa kushinikizwa na Berlin, iliwafukuza wahariri mwaka 1888. Gazeti likahamia London na kuendelea hadi Septemba 1890.

Ndani ya nchi, chama kilichovunjwa kilizuka upya kwa majina mengine: vikundi vya uimbaji, vya mazoezi ya viungo, vya kuvuta tumbaku, vya kusaidiana katika ugonjwa na misiba. Mikutano ya hadhara ilihudhuriwa na afisa wa polisi aliyeketi mbele ya wote, akiwa na uwezo wa kuuvunja mkutano kwa sababu ya neno moja. Msemaji alilazimika kuujua mpaka wa kila neno na kuacha kimya kiseme palipobaki. Hata mazishi yaligeuka jukwaa. August Geib, mweka hazina wa zamani wa chama, alipofariki Hamburg Agosti 1879, maelfu ya watu waliandamana nyuma ya jeneza. Hotuba ingeweza kukatazwa. Ni vigumu kuwakataza watu kumzika maiti.

Neno moja vilevile ndilo lililokuwa kiini cha mkutano mkuu wa siri uliofanyika Agosti 1880 katika kasri la Wyden, Uswisi. Programu ya Gotha ilikuwa imesema kwamba chama kitapigania malengo yake kwa njia zote halali. Wajumbe walilifuta neno "halali". Wapo waliolitafsiri tendo hilo kuwa tangazo la vita. Tafsiri hiyo haina mashiko ukizingatia kwamba mkutano ule ule uliwafukuza chamani Johann Most na Wilhelm Hasselmann, waliokuwa wakihubiri mapambano ya nguvu. Kufutwa kwa neno hilo kulikuwa kukiri ukweli wa kisarufi: kivumishi hakiwezi kuifafanua nomino ambayo sheria imekwisha kuifuta. Hapakubaki njia halali isipokuwa moja.

Mlango ulioachwa wazi

Njia hiyo ilikuwa Bunge. Sheria ya 1878 ilipiga marufuku vyama, haikumnyima mtu binafsi haki ya kugombea. Kila mwanamume aliyetimiza miaka 25 alikuwa na kura, na msoshalisti aliyechaguliwa aliingia bungeni kama mbunge mwingine yeyote. Zaidi ya hayo, ibara ya 22 ya katiba ya dola ilisema kwamba taarifa za kweli za mijadala ya wazi ya Bunge hazingeweza kumtia mtu hatiani. Maneno yaliyokatazwa barabarani yaliweza hivyo kutamkwa na Bebel au Liebknecht bungeni, na mchapaji akayachapa kama kumbukumbu ya Bunge.

Januari 1888, serikali ilipotaka kuurefusha tena muhula wa sheria na kuikaza, Paul Singer na Bebel waliutumia mlango huo kuyataja majina ya majasusi wa polisi wa Prussia waliokuwa wamepenyezwa miongoni mwa wasoshalisti wa Uswisi. Msomaji aliyekuwa amejificha alisomwa naye hadharani. Bunge liliurefusha muhula, ila makali mapya yaliyoombwa hayakukubaliwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kuukumbuka ukumbi huo. Mwaka 1891 Carl Peters, aliyekuwa ameichukua sehemu kubwa ya Tanganyika ya baadaye kwa mikataba ya hila, aliteuliwa kuwa kamishna wa eneo la Kilimanjaro. Akiwa huko alimnyonga mtumishi wake, Mabruk, na baadaye mwanamke wa Kichaga aitwaye Jagodjo. Machi 1896, miaka sita baada ya sheria ya wasoshalisti kwisha, Bebel alisimama katika Bunge la Berlin na kuyaanika mauaji hayo. Barua moja aliyoitegemea ilikuja kuthibitika kuwa haikuwapo, na watetezi wa Peters waliishikilia dosari hiyo kwa mikono miwili. Ila kunyongwa kwa watu wale wawili hakukuweza kukanushwa. Mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ilimfukuza Peters kazini. Katika historia yetu, majina ya Mabruk na Jagodjo yamehifadhiwa kwa kiasi kikubwa na kumbukumbu za Bunge lile, kwa kinywa cha fundi mbao ambaye dola ilijaribu kumnyamazisha kwa miaka 12.

Je, marufuku ilishindwa?

Bismarck hakutumia fimbo peke yake. Bima ya ugonjwa ilipitishwa mwaka 1883, ya ajali kazini 1884, ya uzee na ulemavu 1889. Wafanyakazi waliipokea, na wengi wao wakaendelea kuwapigia wasoshalisti kura. Mwaka 1881 kura hizo zilikuwa zimeporomoka hadi 312,000. Mwaka 1884 zilifika 550,000 na mwaka 1887 takriban 763,000. Tarehe 25 Januari 1890 Bunge liliukataa mswada wa kuifanya sheria kuwa ya kudumu, na mwezi uliofuata wasoshalisti walipata kura zipatazo 1,427,000, nyingi kuliko chama chochote kingine. Bismarck aliondoka madarakani Machi 1890. Sheria ilikufa usiku wa tarehe 30 Septemba.

Kutokana na takwimu hizi, ni desturi kusema kwamba ukandamizaji huwaimarisha wanaokandamizwa. Kauli hiyo hupendeza masikioni, lakini inastahili kutiliwa shaka. Kwanza, inamsahau aliyelipa. Familia iliyofukuzwa Hamburg wakati wa baridi haikuimarishwa na lolote. Wala Fritzsche hakurudishiwa miaka yake. Pili, inaipa sheria sifa isiyoistahili. Viwanda vilikuwa vikipanuka, miji ikifurika wafanyakazi wapya, na kura zingeongezeka hata bila ya marufuku, huenda kwa kasi zaidi. Anguko la 1881 linadokeza hivyo. Kilichokiokoa chama ni kazi ya watu kama Motteler na Belli, na kazi hiyo ingeweza kushindwa.

Tatu, marufuku iliacha alama ndani ya chama chenyewe. Kwa miaka 12 wanachama walizoea kwamba mahali pekee palipo salama ni sanduku la kura na jukwaa la Bunge. Chama kilichokutana Halle Oktoba 1890 na kujipa jina la Chama cha Kisoshalisti cha Kidemokrasia cha Ujerumani kilikuwa na ndimi mbili: ulimi wa mapinduzi katika programu, na ulimi wa tahadhari katika matendo. Bernstein, aliyezuiwa kurudi nchini hadi 1901, ndiye aliyethubutu kusema mwaka 1899 kwamba ndimi hizo hazipatani. Mabishano yaliyofuata ni makubwa kuliko nafasi iliyopo hapa.

Wafumaji wa Berlin

Kwisha kwa sheria hakukumstaafisha msomaji wa kipolisi. Nchini Prussia, mchezo wa kuigiza haukuweza kuonyeshwa hadharani kabla ya polisi kuuidhinisha, na utaratibu huo ulikuwa wa zamani kuliko sheria ya wasoshalisti. Mwaka 1892 Gerhart Hauptmann aliwasilisha tamthilia yake, Die Weber, inayohusu maasi ya wafumaji maskini wa Silesia mwaka 1844. Polisi wa Berlin waliikataa kwa hoja kwamba ingewachochea watazamaji. Tukio lenyewe lilikuwa na umri wa karibu nusu karne, ila polisi walijua kusoma jazanda. Waliwaona wafumaji wa jukwaani kuwa wafanyakazi wa Berlin.

Hauptmann alikwenda mahakamani. Oktoba 1893 mahakama kuu ya utawala ya Prussia iliitengua marufuku hiyo kwa ajili ya ukumbi wa Deutsches Theater. Majaji hawakusema kwamba polisi wameifasiri vibaya tamthilia. Walitazama bei za viti. Tikiti za ukumbi ule, walieleza, zilikuwa ghali na nafasi za bei nafuu chache, kwa hiyo waliotarajiwa kuhudhuria hawakuwa watu wa kufanya fujo. Tarehe 25 Septemba 1894 tamthilia ilionyeshwa mbele ya umati uliofurika. Kaizari Wilhelm II, mjukuu wa yule aliyepigwa risasi mwaka 1878, alikiacha kiti chake cha kudumu katika ukumbi huo.